Jiwe Haiozi, Alisema Shangazi

Nilirudi Kindu kwa ajili ya arobaini ya Shangazi, na kabla sijawasalimu watu ipasavyo, kabla hata sijavua viatu, nilipita moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenda kuchungulia kisima. Zaina, bintiye, ambaye namwita Yaya, dada mkubwa, tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, alinifuata huku akicheka na machozi yakimtoka. “Mumuone huyu,” aliwaambia akina mama waliokuwa wakipepeta mchele chini ya turubai. “Watu wanakuja kulilia marehemu, yeye anakuja kuangalia shimo!” Nilimjibu kwamba marehemu mwenyewe angeanzia kisimani, na wote wakaangua kicheko, kwa sababu walimjua. Siku hizi mdomo wa kisima umejengewa saruji na una kifuniko cha bati, lakini nilipokifunua ilinipanda puani ile ile harufu ya udongo baridi, na kule chini maji yakameta. Mwanamke mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nimeinama juu ya kisima natabasamu siku ya dua.

Mimi ni mwalimu wa habari za mawe. Nimefundisha Kisangani kwa miaka mingi, mbele ya wanafunzi wanaosinzia na wachache ambao macho yao huwaka, na ni kwa ajili ya hao wachache ninaamka asubuhi. Kila mwaka tunapofikia somo la kuoza kwa mawe, sauti yangu hupanda yenyewe. Wananicheka kwenye korido: Madamu amefika kwa mawe yake ya kuoza, leo hatutoki mapema. Na ni kweli hawatoki mapema. Hawajui kwamba somo hilo, kwangu mimi, lina harufu ya sombe, majani ya muhogo yasiyotiwa chumvi, na sauti ya mtu anayepiga kelele kutoka chini ya ardhi, na sura ya baba mdogo mmoja aliyelishwa wali mpaka karibu ashindwe kunyanyuka. Ndiyo habari ya mwaka ule ninayotaka kuisimulia. Jinsi nilivyofika kwa Shangazi, na nani aliniacha pale, hayo nayaruka. Katika vita kila mtu alikuwa ameachwa mahali fulani.

Ulikuwa mwaka ambao treni haikupiga honi tena Kindu. Chumvi ililetwa kwa baiskeli kutoka mbali sana, na Shangazi aliigawa kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayetia dawa. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na parseli yake, yaani ule uwanja wote ndani ya ua, ilikuwa na jiko la nje, mchikichi mmoja, na chumba cha pembeni alichokaa mpangaji wetu, Prof Lukali, kama tunavyowaita walimu wa sekondari. Ndani, sebuleni, palikuwa na meza moja iliyofanya kazi zote: tulikula chakula juu yake, Shangazi alikatia vitambaa juu yake, na alasiri Prof alinifundishia juu yake, kwa sababu shule ilifunguliwa wiki moja ikafungwa mbili. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilibakiza mtihani wa Serikali, na nilikuwa naungoja kama wenzangu walivyongoja harusi.

Shida ilikuwa maji. Robine, mabomba ya mji, hazikutoa hata tone, kwa hiyo mimi na Yaya Zaina tulishuka kila asubuhi na bidoni, yale madumu ya manjano, mpaka kwenye chemchemi bondeni, na njia ya chemchemi ilipita kwenye barieri ya vijana wenye bunduki. Waliweka mti katikati ya njia. Siku nyingine walicheka tu, siku nyingine walitaka tuwachotee kwanza, siku nyingine walitaka tukae tuongee. Asubuhi moja mimi nilikuwa na homa, na Zaina akaenda peke yake. Alirudi bila bidoni, bila kilemba, na kandambili moja tu mguuni. Alisema ameanguka. Shangazi alimwangalia, akamwekea chai, wala hakumuuliza mara ya pili, na mimi niliogopa kule kunyamaza kwake kuliko ambavyo ningeogopa makelele.

Alasiri ile ile nilikuwa naanika mchele nyuma ya ukuta wa mkeka nikamsikia akizungumza na Baba Mdogo, shemeji yake, aliyekuwa na pirogi, mtumbwi wa kusafirisha samaki wakavu kutoka Lokandu. “Unipatie hawa wasichana,” alisema Baba Mdogo, “niwapeleke kwetu Lokandu. Kule kuko mutulivu kidogo.” Shangazi akauliza, “Na masomo ya Asumini?” Baba Mdogo akacheka, si kwa ubaya. “Masomo gani, shemeji, na vita hii? Akuje atajifunza kukausha samaki.” Kisha nikasikia Shangazi anasema, “Ukirudi na mupakizo wako mwingine, kama sijapata maji humu ndani ya parseli, utawachukua wote wawili. Mimi siwatumi tena kule bondeni.” Nilisimama na mchele mikononi. Kule alikotaka kunipeleka hapakuwa na darasa la mwaka wa mwisho. Hapakuwa na mtu wa kunifundisha chochote isipokuwa samaki. Nilikuwa sijawahi kumuomba Mungu shimo, lakini siku ile nilimuomba.

Mchimbaji alikuwa Kaseke, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuwa ametembea kwa miguu kutoka Kalima kukimbia mapigano. Huko alizoea kuchimba kasiterite, lile jiwe jeusi zito linalotoa bati. Shangazi alimwambia atakula kwetu mpaka maji yatoke, naye akaanza kuchimba siku hiyo hiyo, akiimba. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu, mwekundu ule wa Kindu unaoganda kwenye nguo nyeupe na hautoki. Tulivuta ndoo kwa kamba, mimi na Zaina, tukamwaga nyuma ya jiko, na viganja vyetu vikafanya malengelenge. Zaina alikuwa haongei sana siku zile, lakini kwenye kamba alikuwa na nguvu za wanaume wawili.

Na wakati huohuo, mezani, Prof Lukali alikuwa ananifundisha jiwe. Alikuwa mtu wa Pangi, mwembamba, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, na mali yake yote ilikuwa mabuku kadhaa na kipande cha graniti alichokiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Mchana mmoja Zaina alikuwa ametuwekea wali na makayabu, samaki wa chumvi, kipande kimoja cha kugawana. Prof hakula. Alisukuma sahani katikati ya meza akaweka lile jiwe kando yake. “Asumini,” akasema, “tukiacha sahani hii hapa, siku zipite, nini itaoza mbele?” Nikasema samaki. “Kisha?” Wali. “Na nini itabaki?” Mifupa, nikasema. Macho yake yaliwaka. “Basi jiwe pia njo vile! Wewe unaona jiwe moja. Hapana. Ni sahani. Kuko vitu vingi ndani, na haviozi pamoja!” Akaanza kunionyesha kwa ncha ya kisu: hii nyama nyeupe na ya waridi ni feldispa, hivi vimagamba vyeusi vinavyong'aa ni mika, na hizi punje za kijivu zinazofanana na kioo ni kwatzi. Mvua ikinyesha inachukua ukali kidogo hewani na kwenye majani yaliyooza, ikishuka inaiuma feldispa, inaiibia chumvi zake, na kinachobaki ni udongo mweupe laini. Mika nyeusi ina chuma ndani, basi inapata kutu, na kutu ile ndiyo wekundu wa Kindu. Lakini kwatzi haiumwi. Kwatzi ndiyo mifupa.

Niliuliza kwa nini. Nakumbuka nilisimama kabisa. Prof akasema madini haya yalizaliwa chini sana, kwenye moto, na yale yaliyozaliwa mapema, kwenye moto mkali zaidi, ndiyo hayawezi kabisa maisha ya huku juu, yanashindwa na mvua upesi. Kwatzi ilizaliwa mwisho, moto umeshapoa, kwa hiyo huku juu haioni ajabu yoyote. Nilitaka kupiga kelele. Miaka yote nimekanyaga udongo mwekundu na mchanga mweupe nikadhani Mungu aliviumba mbalimbali, kumbe ni jiwe moja, lililogawanywa na mvua kadiri ya uvumilivu wa kila kilichomo! Shangazi, aliyekuwa akishona karibu na dirisha, alitoa pini mdomoni. “Prof, kwanza wali yangu haiozi, kuko watu wa kuikula. Kisha, musidanganye mutoto. Muti unaoza, nyama inaoza, muntu anaoza. Jiwe haiozi. Mungu aliiweka ikae.” Prof akasema kwa heshima kwamba vitabu vinasema jiwe linaoza. “Vitabu havijaishi hapa,” alisema Shangazi, akarudisha pini mdomoni. Tukala wali.

Siku chache baadaye ndoo ilipanda kutoka kisimani nyeupe. Nyeupe pe, kama imejaa unga. Kaseke akapiga kelele kutoka chini, “Pemba!” na kabla hatujaimwaga, kelele zile zilikuwa zimeshavuka ua. Kwetu pemba si udongo tu. Mama wa mapacha hupakwa, mgonjwa aliyepona hupakwa, mwenye mimba huitafuna kipande kwa kipande na kufumba macho kwa utamu. Na katika vita pemba haikuletwa tena sokoni. Basi walikuja! Walikuja na sahani, na vibakuli, na majani ya mgomba. Mama mmoja wa mapacha alikuja akiimba, amewabeba mmoja mbele na mmoja mgongoni, na parseli yetu, iliyokuwa kimya miezi mizima, ikajaa vigelegele. Shangazi alisimama mlangoni akigawa kama mwenye harusi. Uso wake ulikuwa umefunguka. “Nimeomba maji, Mungu amenipa baraka,” alikuwa anamwambia kila mtu. Kaseke alitoka shimoni, akanawa mikono, akakaa kivulini. Kazi ikasimama.

Ndipo nilipoelewa kosa lililokuwa linafanyika, na lilikuwa kosa la furaha, ambalo ni gumu kuliko yote kulisahihisha. Hakuna aliyesema tena neno kisima. Pemba ilikuwa imekuja, na pemba kwa watu wetu ni mwisho mwema wa jambo. Huwezi kupakwa pemba kisha ukasema bado. Kaseke alisema udongo ule umeshikana sana, haupitishi maji hata kidogo, na hilo lilikuwa kweli; tuliangalia kwenye kuta za shimo, zilikuwa kavu. Shangazi alisema hatatoboa baraka kutafuta shida chini yake. “Kama Mungu alitaka maji angeweka maji,” alisema. Na Baba Mdogo alitazamiwa kurudi wakati wowote. Zaina alianza kukunja nguo zetu. Mimi nilizikunjua, akazikunja tena.

Aliyeniokoa ni Mama Riziki, jirani wa ng'ambo ya njia, mwenye mimba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alikuja asubuhi ameshika shavu. “Aka! Mama Zaina, pemba yenu iko na muchanga! Nimeuma, jino karibu kuvunjika! Ile ya zamani, ya mutoni, ilikuwa laini kama siagi. Hii munatulisha nini?” Shangazi alianza kumjibu anavyostahili, lakini mimi nilikuwa nimeacha kuwasikiliza. Mchanga. Mchanga ndani ya pemba! Nilikimbia nyuma ya jiko nikachukua bonge, nikaingia sebuleni, na kitu pekee chenye maji kilikuwa ni mtungi wetu wa kunywa, maji ambayo Kaseke mwenyewe ndiye alituchotea bondeni. Nilimimina nusu kwenye beseni nikalivuruga bonge humo. Maji yakawa maziwa. Nikayamwaga polepole, nikavuruga, nikamwaga, mpaka chini ya beseni pakabaki konzi ya punje za kijivu zinazofanana na kioo. Niliziweka kiganjani nikazisugua. Zilinikwaruza. Mchanga wa mto ni wa duara, umesafiri, umechoka. Hizi zilikuwa na kona kali, hazijasafiri popote. Zilikuwa mifupa ya samaki, bado ziko pale pale kwenye sahani.

“Asumini! Maji ya kunywa!” Shangazi alikuwa mlangoni. Sijawahi kuona uso ule kabla wala baada. Lakini nilikuwa nimeshalewa na furaha, sikuwa na nafasi ya kuogopa. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba pemba ile haikuletwa na mto, ilizaliwa hapo hapo, ni feldispa ya jiwe lililooza, na ushahidi ni mifupa hii, kwamba basi chini yake liko jiwe lenyewe, na kati ya pemba na jiwe zima lazima liko jiwe lililooza nusu, ambalo nyama yake imeanza kwisha lakini mifupa imesimama, lina nyufa na mianya kila mahali, na mianya ile ndimo maji yalimojificha. “Tumesimama juu ya kifuniko, Shangazi! Tumesimama juu ya kifuniko tunagawa kifuniko!” Prof alikuwa ametoka chumbani kwake kwa kelele. Aliziangalia punje moja moja. “Inawezekana kabisa,” alisema. “Mimi nimeisoma tu, mama, sijaichimba. Lakini inawezekana kabisa.” Kaseke, kivulini, akakuna kichwa akauliza tunazungumzia nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akainama. “Ah, ile! Kwetu Kalima tunaijua. Tukipita pemba tu, jiwe ya kufa inaanza, na maji inajaa, tunakimbia! Tunamwaga na ndoo asubuhi mpaka jua kali. Maji njo adui yetu ya kwanza.” Shangazi akamgeukia taratibu. “Na weye siku zote unakula wali yangu, mbona hukusema?” Kaseke alionekana kushangaa kwa moyo wote. “Mama, mulinituma kutafuta maji. Hamukuniuliza adui.”

Hata leo nikiwasimulia wanafunzi hapo hucheka, na hapo ndipo nawaambia kuhusu lile jiwe jeusi la Kalima. Ni kwa nini liko kwenye udongo, na kwenye vijito, peke yake, bila jiwe lililolizaa? Kwa sababu nalo haliozi. Graniti yote iliyokuwa inalizunguka imeyeyuka ikaenda, lenyewe limekaa, na watu wamelikuta limekaa, wakauana kwa ajili yake. Wanafunzi huacha kucheka, na mimi huendelea na somo.

Shangazi alikaa kwenye kiti. Akaziomba zile punje, nikammiminia kiganjani, akazisugua kwa kidole gumba kama anavyopima kitambaa. Nje Mama Riziki bado alikuwa analalamikia jino. “Mimi siamini kama jiwe inaoza,” akasema Shangazi mwishowe. “Nikuambie kabisa. Hata Prof aseme, hata huyu wa Kalima aseme.” Alinirudishia punje moja moja. “Lakini mutoto anayemwaga maji yangu ya kunywa bila kuniogopa, huyo ameona kitu. Nakuamini weye. Kaseke, shuka.”

Baba Mdogo aliwasili wakati Kaseke amemaliza pemba na ameanza kugonga. Alikuja na kasia lake, akaliegemeza ukutani, akaona vifurushi vyetu viwili mlangoni, ambavyo Zaina alikuwa amevifunga kwa kanga, akasema pirogi inangoja na twende mapema. “Utakula kwanza,” alisema Shangazi. Akampakulia wali na sombe. Alipomaliza, akamletea ndizi za kuchoma. Alipomaliza hizo, akasema ni aibu shemeji aondoke bila chai, akaenda kuwasha moto upya, na sijawahi kuona mtu anayewasha moto polepole vile. Kisha akakumbuka kuna muhogo. Baba Mdogo alilegeza mshipi. Mimi na Zaina tulikuwa kwenye kamba, tukivuta ndoo ambazo sasa zilikuwa za ajabu: si udongo, si jiwe, ni mabonge yenye umbo kamili la jiwe, yenye madoa meusi na meupe kama kipande cha Prof, lakini ukiyabana yanakatika mkononi. Nilitaka kukaa chini niyatazame moja moja. “Vuta!” alisema Zaina, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kusikia sauti yake imepanda. “Utayapenda kesho, vuta!”

Kisha kugonga kukabadilika. Kukawa na mlio mzito, kama mtu anayepiga pipa lililojaa. Kaseke akanyamaza. Sote tukanyamaza, hata Baba Mdogo, mdomo umejaa muhogo. Kutoka chini tukasikia sauti ndogo, ya kunong'ona, kisha sauti ya Kaseke, kwanza taratibu: “Ngojeni... ngojeni...” kisha kwa nguvu zake zote: “Adui! Adui amekuja! Munitoshe! Munitoshe!” Tulimvuta akipanda huku anacheka, amelowa mpaka magotini, mweupe mwili mzima kama mama wa mapacha. Zaina aliitupa ndoo chini akaivuta juu. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Alikaa chini pale pale, akaikumbatia ndoo, akalia, alilia kilio chote ambacho hakukilia siku ile ya kandambili moja, na Shangazi akapiga magoti kando yake akamshika kichwa. Baba Mdogo alikuja polepole kwa sababu ya tumbo, akachungulia shimo, akachovya kidole, akaonja. Alikwenda mlangoni akafungua vifurushi vyetu kwa mikono yake, akachukua kasia, akaondoka. Siku za kwanza tulipikia maji meupe na kunywa chai nyeupe isiyo na maziwa, kisha yakatulia, yakawa maangavu. Hatukushuka bondeni tena. Mtihani nilifanya, nikafaulu, na vita viliponipa njia nikaenda kusoma mawe.

Ila kabla ya hapo, siku ile ile ya maji, Shangazi alikuwa amechagua jiwe moja katika ndoo ya mwisho, kubwa kama mkate, lililokuwa gumu kuliko mengine. Aliligonga kwenye kizingiti mbele yangu. Likalia. “Umesikia? Zima kabisa. Maji imetoka, asante Mungu, lakini jiwe haiozi. Tutaona.” Akaenda akaliweka kwenye pembe ya jiko, pale mvua inapotiririka kutoka kwenye bati. Na kila mvua kubwa ilipopita aliita, parseli nzima isikie: “Asumini! Jiwe yako ingali zima!” Nilipoondoka Kindu alinisindikiza mpaka njiani, na neno la mwisho lilikuwa hilo. Nilicheka, nikashika njia, na baada ya miaka michache, nakiri, jiwe lile lilikuwa limenitoka kabisa akilini.

“Njoo,” alisema Zaina baada ya kufunika kisima. Wali ulikuwa unatokota kwenye masufuria makubwa, maji yake yalitoka humo humo. Alinipeleka kwenye pembe ya jiko. Jiko limejengwa upya, bati ni jipya, lakini chini ya mchirizi, limezama kidogo ardhini kwa kugongwa na mvua za miaka yote ile, lilikuwapo. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Mwili wake ulikuwa umejaa punje za kwatzi zilizotokeza nje kama mifupa ya mgongo, na katikati ya punje, vishimo vyeupe. Niliinama nikakwaruza kwa ukucha. Ukaingia. Laini, baridi, nyeupe.

“Kila musimu wa mvua alikuwa anakuja hapa, anaikwaruza,” alisema Zaina. “Anasimama, anasema: bado. Watoto wangu walizoea, wanamuuliza, bibi, leo? Anasema bado. Mvua hii ya mwisho alikuwa amekwisha kuwa mugonjwa, nilimushika mukono tukafika naye. Akakwaruza. Akaangalia kidole chake, akacheka, Asumini, alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Nikamuambia tukupigie simu. Akasema, ‘Hapana. Akisikia atafurahi sana, atasumbua watu wa Kisangani. Acha akuje ajionee.’”

Wakatuita, sheikh amefika. Tulikwenda tukakaa kwenye mikeka, bega kwa bega, kama kwenye kile kitanda. Miaka yote ile Shangazi aliyatia kinywani maji ya kisima alichokichimbisha juu ya neno asiloliamini, kwa sababu lilisemwa na mimi. Dua ilipoanza, wote wakainua mikono, nami nikainua yangu. Kidole changu kimoja kilikuwa cheupe kwa pemba ya jiwe lile. Zaina alikiona, akaninyooshea beseni la kunawa, nikatikisa kichwa.